Nungwi, Paje, Diani, Watamu au Shela: chagua ufukwe kwa maji na upepo

Weka mezani picha za Nungwi na Paje za Unguja, na Diani, Watamu na Shela za pwani ya Kenya, bila majina, na hata mwenyeji wa pwani atapata taabu kuzitofautisha. Zote zina mchanga mweupe, mnazi ulioinama na maji ya rangi ya feruzi. Ukizikanyaga kwa miguu ndipo unapoona kwamba ni sehemu tano tofauti kabisa. Iliyomfaa rafiki yako mwezi wa Februari inaweza kukuharibia likizo yako ya Agosti, hata mkilala chumba kile kile.

Mgeni wa bara hufika asubuhi saa nne, mabegi bado mlangoni, anakimbilia baharini na kukuta bahari imekwenda zake. Mbele yake kuna mchanga wenye maji ya kifundoni, nyasi za bahari, mawe, na mashua zimelala ubavu. Anahisi ametapeliwa. Hoteli haikumdanganya, na ile picha ni ya kweli, ila ilipigwa alasiri. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha hoteli na hoteli au mji na mji, tuanze na kile kitakachoamua siku yako itakavyokwenda.

Maji kwanza

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila kukicha huchelewa kwa dakika kama 50. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika karibu mita 4. Siku za maji mafu tofauti hiyo inaweza kushuka hadi mita 1 hivi. Kwenye ufukwe wenye mteremko mkali, mita 4 hizo utaziona ngazini tu. Kwenye ufukwe tambarare, bahari inarudi nyuma nusu kilomita au zaidi.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hukolea siku moja au mbili baadaye. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana hesabu nyepesi: tarehe 1 hadi 3, na tena 15 hadi 17, ni bamvua, tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 24, ni maji mafu. Saa zake nazo hazihamihami sana. Siku za bamvua, Unguja na Mombasa kwa pamoja, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa kuanzia kama saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi na kupwa alasiri, lakini hayaendi mbali.

Ndiyo sababu Idi el-Fitri, ambayo ni mwezi mosi Mfunguo Mosi, huangukia bamvua kila mwaka. Ukiwapeleka watoto baharini asubuhi baada ya sala watacheza mchangani. Ukingoja alasiri watakuta maji yamewasubiri. Idi ya kuchinja, mwezi kumi Mfunguo Tatu, huangukia maji mafu, na hapo asubuhi ndiyo nzuri ya kuogelea. Asiyefuata kalenda hiyo atazame mwezi angani, au atafute jedwali la maji la bandari iliyo karibu na anakokwenda. Ni kazi ya dakika tano, na inasaidia kuliko kusoma maoni mia ya wageni waliotangulia.

Kisha upepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi: joto, anga safi, bahari yenye rangi nzuri. Kusi huvuma Juni hadi Septemba: hewa ya ubaridi kidogo, mawimbi makubwa nje ya mwamba wa matumbawe, na upepo wa kutosha kupeperusha taulo lako. Kati yake kuna masika, Machi hadi Mei, ambapo baadhi ya hoteli hufunga kabisa kwa ukarabati, na vuli, Oktoba hadi Desemba, ambayo mvua zake huja na kupita. Kama shabaha yako ni kuzama kutazama matumbawe, bahari hutulia na maji huwa maangavu zaidi kuanzia Oktoba au Novemba hadi Machi. Agosti ni nzuri kwa kupumzika na kutembea, lakini usiiandalie safari za mashua ndogo kwenda mbali.

Unguja: kaskazini au mashariki?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake liko kwenye umbo la bahari.

Nungwi na Kendwa ziko ncha ya kaskazini ya kisiwa, kilomita kama 60 kutoka Mji Mkongwe. Huko kina cha maji kinaanza karibu na ufukwe, kwa hiyo unaweza kuogelea karibu saa yoyote, hata bamvua. Kendwa inatazama magharibi, na jua linazama baharini mbele yako, jambo ambalo fukwe nyingi za upande wetu wa Afrika hazina kwa kuwa zinatazama mashariki. Wakati wa kusi, kisiwa chenyewe kinaikinga Kendwa na upepo. Mtu mwenye siku tatu tu, anayetaka kuingia majini akiamka na kuingia tena kabla ya magharibi, aende huko asihangaike kufikiri zaidi.

Gharama ya raha hiyo ni msongamano. Nungwi imejaa hoteli, muziki wa usiku, boti za safari, na papasi wanaokufuata mchangani wakikuuzia kila kitu kuanzia safari ya kisiwa cha Mnemba hadi kusukwa nywele. Ni vijana wanaotafuta riziki. Jibu la heshima, "Ahsante kaka, leo sina haja," linatosha kwa wengi wao. Mahali pengine maji yakijaa siku za bamvua mchanga wote humezwa na mawimbi yanapiga ukuta wa hoteli, kwa hiyo matembezi marefu ya ufukweni yapange maji yakiwa yamepwa. Nungwi bado ni kijiji cha mafundi wa majahazi. Ukienda upande wa kijijini utawakuta wakichonga mbao chini ya vibanda vya makuti, na hilo peke yake linatosha kumfanya mtu aache kiti cha hoteli kwa saa moja.

Paje, Bwejuu na Jambiani ziko kusini mashariki, kilomita kama 50 kutoka mjini. Hapa mwamba uko mbali, na kati yake na ufukwe kuna uwanda mkubwa wa mchanga usio na kina. Maji yakijaa ni bwawa la feruzi. Yakipwa ni uwanja wa kutembea. Anayetaka kuogelea tu atalalamika. Mimi naona ndio upande wenye mambo mengi zaidi ya kuangalia.

Tembea Jambiani asubuhi ya bamvua. Kufikia saa tatu maji yamekwisha kurudi nyuma sana, na akina mama wanashuka na magunia na kamba begani. Mashamba yao ya mwani yako pale pale majini: vigingi vifupi vimepigwa mchangani, kamba zimefungwa kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye kila kamba vimefungwa vichipukizi vya mwani, kila kimoja kwa uzi wake. Wanafanya kazi wamekaa ndani ya maji ya kiunoni au wameinama, wakivunja mwani uliokomaa, wakifunga mbegu mpya, wakipiga soga. Kilimo hiki cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na sehemu kubwa ya wakulima wake ni wanawake. Mbele zaidi, karibu na mwamba, utawaona watu wakichokoa pweza mashimoni. Saa sita hivi maji yameanza kujaa tena na wote wanatoka. Lile ni shamba la mtu: usikanyage kamba, usishike, na usipige picha bila kuomba. Ukisalimia kwanza, "Shikamooni, poleni na kazi," mara nyingi utaonyeshwa mwenyewe namna ya kufunga.

Paje na Jambiani zenyewe zinatofautiana. Paje ni ya vijana na ya mchezo wa kaiti: watu wanateleza juu ya maji kwa ubao wakivutwa na tiara kubwa, kwa sababu upepo wa kusi na wa kaskazi hufika pale bila kizuizi na maji hayana kina cha kutisha. Siku yenye upepo mzuri anga hujaa tiara, na muogeleaji wa kawaida hana raha katikati yao. Jambiani ni kijiji kirefu kilichonyooka kando ya bahari, chenye gesti ndogo zilizochanganyika na nyumba za watu. Usiku ni kimya. Ningemshauri mwandishi, mtu aliyechoka kazi, au wanandoa wanaotaka kuzungumza walale Jambiani, na kijana anayetaka wenzake alale Paje.

Kuna Matemwe na Kiwengwa upande wa kaskazini mashariki. Zina tabia ile ile ya maji kwenda mbali, zenye hoteli kubwa za kifahari, na ziko karibu na kisiwa cha Mnemba chenye matumbawe. Kuna Kizimkazi upande wa kusini, ambako watu hupelekwa kuona pomboo. Hapa nasema wazi: usimlipe nahodha anayewafukuza pomboo kwa injini na kuwarusha abiria majini juu yao. Wanyama wale wanahitaji kupumzika na kulisha watoto wao, na mtindo ule unawaumiza. Ukifika Kizimkazi tazama badala yake msikiti wake wa kale, ambao maandishi yake ya Kikufi yana tarehe inayolingana na mwaka 1107.

Usafiri hautofautiani sana. Kutoka Dar es Salaam boti ya kasi hufika Unguja kwa takriban saa mbili, kisha daladala namba 116 huenda Nungwi na 309 huenda Jambiani, au unakodi gari. Mgeni kutoka nje ya Tanzania ajue kwamba tangu Oktoba 2024 Zanzibar inadai bima yake ya safari, dola 44, hata kama una bima nyingine kutoka kwenu. Uliza masharti yake kabla ya kuondoka nyumbani.

Diani au Watamu?

Kwa anayetoka Nairobi, ulinganisho halisi mara nyingi ni huu. Treni ya Madaraka inamfikisha Mombasa kwa saa tano au sita; nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Stesheni iko Miritini, na hapo ndipo njia zinapogawanyika: Diani iko kusini, Watamu iko kaskazini.

Diani ni karibu zaidi, kilomita kama 30 kutoka kivuko cha Likoni. Zamani foleni ya kivuko ndiyo iliyokula muda. Sasa barabara ya Dongo Kundu inamwezesha mwenye gari kuzunguka bila kupanda feri. Anayepanda matatu anashuka Ukunda, kisha tuktuk au bodaboda hadi ufukweni.

Ubora wa Diani ni urefu na upana. Mchanga wake ni laini kama unga, hauna mawe mengi, na unaweza kutembea kilomita nyingi bila kuzuiwa. Mwamba unakwenda sambamba na ufukwe na kuvunja mawimbi kabla hayajafika, kwa hiyo maji ya ndani yametulia. Mtoto wa miaka sita ana mahali pa kucheza. Maji yakipwa unaweza kuongozana na kijana wa mtumbwi hadi kwenye mafungu ya mchanga na madimbwi yenye viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, na samaki wadogo. Vaa viatu vya mpira: viumbe wenye miiba mirefu myeusi wanajificha kwenye mawe, na mwiba ukivunjikia unyayoni siku mbili zimekwisha. Wale viti vya pweza waache majini. Kumnyanyua juu kwa ajili ya picha kunamdhuru.

Nyuma ya hoteli kuna mabaki ya msitu wa pwani wenye mbega weusi wenye mabega meupe. Juu ya barabara kuu ya Diani utaona ngazi za kamba zimetundikwa kutoka mti hadi mti ili wanyama hawa wavuke bila kugongwa na magari. Tumbili na nyani nao wapo, nao ni wezi hodari. Usiwalishe, na ufunge dirisha.

Upungufu wa Diani ni kwamba matumbawe ya karibu si ya kusisimua. Ukitaka bahari yenye uhai mwingi unafunga safari ya siku nzima kwenda Shimoni, na kutoka hapo kwa mashua hadi Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, kisha chakula cha mchana Wasini. Ni safari nzuri mno wakati wa kaskazi. Wakati wa kusi mashua inarukaruka, na mwenye tumbo jepesi atateseka.

Watamu ni kinyume chake. Iko kilomita zaidi ya 100 kaskazini mwa Mombasa. Unapanda matatu ya Malindi, unashuka Gede, kisha tuktuk hadi kijijini. Ufukwe wake haukunyooka: umekatwakatwa na ghuba ndogo, na katikati ya maji vimesimama visiwa vya mawe ya matumbawe vilivyoliwa chini na mawimbi. Hifadhi ya bahari ya Watamu, pamoja na ya Malindi, ilitangazwa mwaka 1968, na inaonekana. Matumbawe na samaki wako hatua chache kutoka mchangani, na kasa hutaga mayai kwenye mchanga huo huo ambao wageni wanatandika taulo. Kuna watu wa kijiji na wavuvi ambao kwa miaka mingi wamelinda viota na kuwatoa kasa walionaswa kwenye nyavu. Ukipanga kutembea ufukweni usiku, zima tochi. Mwanga humrudisha kasa baharini kabla hajataga.

Halafu Watamu ina vitu vya kufanya siku ambayo bahari imechafuka. Magofu ya Gede yako karibu na njia panda uliyoshukia matatu: mji wa mawe uliohamwa karne kadhaa zilizopita, misikiti, visima na kasri ndani ya msitu, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko ng'ambo ya barabara. Mida Creek ina mikoko, daraja la mbao la kutembelea juu ya maji, na ndege wengi wahamaji. Kati ya Julai na Septemba, kipindi ambacho bahari haifai kwa mambo mengine, nyangumi hupita nje ya pwani hii, na manahodha wenye boti imara hupeleka watu kuwaona.

Malindi yenyewe, kaskazini kidogo ya Watamu, ni mji mzuri wa kula na kutembea, lakini kwa kuogelea nisingeuchagua. Mto Sabaki unamwaga tope lake kaskazini mwa mji, na kaskazi likivuma tope hilo husukumwa kuingia kwenye ghuba. Maji yanakuwa ya kahawia. Lala Watamu, nenda Malindi kula. Vijana wengi wa huko wanaongea Kitaliano kwa sababu Waitaliano wamekaa sana pwani ile, na vyakula vyao vimebaki.

Kwa hiyo: familia yenye watoto wadogo na bibi asiyetaka kupanda mashua, Diani. Wawili wanaopenda kuzama kwa miwani na mrija, au mzazi mwenye mtoto wa miaka kumi anayeuliza maswali, Watamu. Kwa bajeti hazitofautiani sana, ila Diani ina machaguo mengi zaidi ya bei ya chini.

Fukwe za Mombasa mjini nazilinganisha kwa sentensi moja tu: Nyali, Bamburi na Shanzu zinafaa kwa mwenye siku moja, na ufukwe wa umma wa Bamburi ambao wengi wanauita Pirates hufurika sikukuu kiasi cha kukosa pa kuweka mguu.

Shela, kwa mtu wake

Shela haishindani na nyingine. Iko kisiwani Lamu, mwendo wa dakika kama 40 kwa miguu kutoka mji wa Lamu, au safari fupi ya mashua. Ufukwe wake una urefu wa kilomita kama 12, nyuma yake ni vilima vya mchanga, na ukishapita nyumba za mwisho unaweza kutembea asubuhi nzima bila kukutana na mtu. Hakuna mwamba wa kuvunja mawimbi. Bahari kuu inafika yenyewe, kwa nguvu, na ina mikondo. Muogeleaji dhaifu asiingie zaidi ya kiuno, na mtoto asiachiwe peke yake hata kidogo. Kivuli hakuna. Beba maji ya kunywa.

Watu wanakwenda Lamu kwa ajili ya mji zaidi ya bahari, na wanafanya sawa. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Vichochoro ni vyembamba, mizigo hubebwa na punda, milango imechongwa, na mahamri kwa mbaazi asubuhi yanapatikana kila pembe. Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, bado wanaunda vyombo. Jioni mashua ya tanga inakuchukua kwenye mkondo wa Manda na unaona mikoko pande zote mbili. Anayependa historia, lugha na ukimya ataipenda Shela kuliko Diani mara kumi. Anayetaka dimbwi la kuogelea, diski na michezo ya maji atachoka siku ya pili.

Njia nyepesi ni ndege hadi kisiwa jirani cha Manda. Barabara ya kupitia Garsen hadi Mokowe ni ndefu na hali ya usalama hubadilika. Waulize wenyeji na kampuni za mabasi wiki hiyo hiyo ya safari, si mwezi mmoja kabla.

Ukiwa Dar es Salaam au Tanga

Wakazi wa Dar huwa wanaruka moja kwa moja kwenda Unguja, na wengi hawajawahi kukanyaga Mbudya wala Bongoyo. Visiwa hivi vidogo ni hifadhi ya bahari, viko mwendo mfupi wa boti kutoka Kunduchi na Msasani, na maji yake ni safi kuliko ya ufukwe wowote wa mjini. Ni vya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Kigamboni, hasa ukishuka kusini mbali na feri, ina fukwe ndefu zenye mawimbi na hoteli za bei tofauti; tangu daraja lifunguliwe mwaka 2016 si lazima kungoja kivuko.

Bagamoyo ichague kwa historia: magofu ya Kaole, majengo ya kale, soko la samaki, vyombo vya tanga vikirudi. Kwa kuogelea maji yake yana tope la mto Ruvu, na kupwa kwake ni kwa mbali.

Pangani ndiyo ninayoona imesahauliwa bure. Ushongo, kusini ya mto, ina ufukwe tulivu wenye minazi na hoteli chache zilizoachana. Kutoka hapo unakwenda Maziwe, fungu la mchanga katikati ya bahari ambalo maji yakijaa hutoweka lote. Zamani lilikuwa na miti. Leo limebaki mchanga na matumbawe yanayolizunguka. Hapa ile hesabu ya maji inakuwa kinyume: unataka asubuhi ya bamvua, maji yakiwa yamepwa, ili fungu liwe juu na kubwa ukiwa pale. Ukienda wakati maji yanajaa utabaki ndani ya mashua.

Na kama shabaha yako ni kuogelea na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani ambaye hula vitu vidogo sana na hana madhara kwa mtu, usipoteze muda kwingine. Nenda kisiwa cha Mafia kati ya Oktoba na Machi, ulale karibu na Kilindoni. Ufukwe wa pale si wa kutangaza kwenye kalenda. Bahari yake ndiyo yenye thamani, na hifadhi ya bahari ya Mafia ilikuwa ya kwanza Tanzania, mwaka 1995.

Hoteli kubwa au gesti

Hoteli kubwa ya malipo ya jumla, ambako chakula na vinywaji vyote vimo kwenye bei, inamfaa mzazi mwenye watoto watatu wasioshiba na kundi linalotaka bei moja isiyobadilika. Maji yakipwa una dimbwi. Unachokosa ni mji: watu hukaa ndani siku tano na kuondoka bila kuonja pweza wa nazi wa nyumba ya jirani. Ukitaka kutoka kila siku kula na kutembea, malipo hayo ni hasara. Chukua chumba na kifungua kinywa tu.

Gesti ya kijijini inakupa bei ndogo na mwenyeji anayejua nahodha mwaminifu ni nani. Angalia neti ya mbu kama ina matundu, maji ya bombani kama ni ya chumvi, na umbali halisi hadi mchangani. "Dakika mbili kutoka baharini" inaweza kumaanisha dakika mbili hadi kwenye mawe yasiyo na njia ya kushukia.

Kitu kimoja kuhusu haki yako Kenya: Katiba ya 2010 inahesabu ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ya umma. Askari wa hoteli anaweza kukuzuia kupita bustanini kwake, lakini kukufukuza mchangani hawezi. Tafuta njia ya umma ya kushukia, zipo Diani na Watamu, na usiogope kutandika mkeka wako.

Nguo za kuogelea ziishie mchangani. Ukiingia kijijini Nungwi, Jambiani, Shela au Watamu jifunge kanga au vaa shati. Wazee hawatakwambia kitu, lakini wanaona. Wakati wa Ramadhani migahawa mingi ya mitaani Unguja na Lamu hufungwa mchana na hoteli huendelea kuhudumia wageni, kwa hiyo mwenye gesti isiyo na jiko apange chakula chake mapema. Kwa upande mwingine, baada ya magharibi utakula futari ambayo hutaikuta mwezi mwingine wowote.

Kabla hujatuma pesa, piga simu na uulize mambo manne. Maji yakipwa bamvua, kina cha kuogelea kiko umbali gani kutoka ngazi zenu? Mwezi ninaokuja upepo unapiga mbele au nyuma ya hoteli? Nyasi za bahari zinazotupwa ufukweni mnazisafisha mara ngapi? Na bei ya mkazi wa Afrika Mashariki ni ipi? Bei hiyo huwa ya chini sana kuliko ile ya mtandaoni, lakini hoteli nyingi hazikuambii mpaka uulize, na mlangoni utatakiwa kuonyesha kitambulisho au pasipoti.